Ng'ombe wa Dada Yangu na Vyumba Sita vya Kitale

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua kwa ng'ombe ambao hawakuwa wangu, ingawa mila yote ya kwetu ilisema ni wangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani natafuta sifa. Watu wa Kitale walinisifu vya kutosha wakati ule, mpaka kichwa kikanivimba, na sitaki tena.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa karani katika kinu cha mahindi, kazi yangu kupima magunia na kuandika uzito wake, na nilikuwa nimepanga chumba katika lokesheni, mtaa wa Waafrika. Mwenye nyumba alikuwa mzee Mwislamu aliyewapikia Wazungu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na aliishi katika nyumba hiyo hiyo, hatua chache kutoka msikitini. Vyumba vilikuwa sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na katikati ua wenye jiko la pamoja. Kuta zilikuwa za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na mabati yalikuwa yameanza kushika kutu pembeni. Mtu wa leo akiiona atacheka. Mimi niliitazama kila asubuhi nikitoka kwenda kazini, na kila asubuhi niliitamani.

Kitale wakati huo ilikuwa mji wa Wazungu na mashamba yao. Sisi tulikuwa wageni hata tukikaa miaka ishirini. Kazi ikiisha, chumba nacho kimeisha, na siku ya tatu unaonekana juu ya lori na godoro lako, unarudi ulikotoka. Nilikuwa nimewaona wengi wakiondoka hivyo, watu wazima wenye mvi, wamekumbatia sufuria zao. Mtu mwenye nyumba yake katika lokesheni hakuondolewa kirahisi namna ile. Nilitaka kuwa mtu huyo, na nilitaka mpaka nikakosa adabu ndani ya moyo wangu, nikawa naingia chumbani mwa mzee kumsomea barua za binti yake huku macho yangu yanapima dari.

Barua hizo ndizo zilizoniletea nyumba. Binti yake aliishi Kisumu na kila mwezi alimwomba baba yake aende akakae naye. Siku moja, nilipomaliza kumsomea, mzee akasema, "Mwanangu, baridi ya hapa imenishinda mifupa. Nitakwenda. Nyumba hii nataka uichukue wewe."

"Kwa kiasi gani, mzee wangu?"

"Elfu mbili. Nitakungoja mpaka Idd. Idd ikishapita, yupo mfanyabiashara wa Eldoret ambaye fedha anazo mkononi, na mimi sina nguvu za kungoja zaidi."

Nilikuwa na shilingi mia sita katika akiba ya posta. Idd ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Nilianzia benki. Niliazima tai ya mwalimu jirani yangu, nikapiga viatu rangi, nikasimama kwenye kaunta mpaka miguu ikafa ganzi. Kijana wa Kizungu akaniuliza nitaweka nini dhamana. Nikamwambia, nyumba yenyewe. Akauliza ardhi ni ya nani. Nikamwambia ni ya serikali, sisi tuna kibali tu. "Basi unanunua nini?" akauliza. Nikasema nanunua kuta na paa. Alicheka, na hakucheka kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mhindi mwenye duka ambako nilinunua sukari na mafuta ya taa miaka yote. Alikuwa rafiki, kadiri mtu wa upande ule wa kaunta alivyoweza kuwa rafiki. "Karani, wewe mtu mzuri," akasema, "lakini mia mbili tu. Ikizidi mia mbili na DC hajagonga muhuri, mimi nikienda kortini napoteza." Sheria ilikuwa hivyo kweli, Mwafrika hakukopeshwa deni kubwa bila serikali kujua. Na ili DC, yaani mkuu wa wilaya, agonge muhuri, nilihitaji barua ya mwajiri. Nikamwendea Mzungu wa kinuni. Akauliza kama nataka kuacha kazi niwe bwana mwenye nyumba. Nikasema hapana, bwana. Akasema, basi barua ya nini?

Nilirudi chumbani nimekufa moyo. Hapo ndipo nilipowakumbuka ng'ombe wa dada yangu.

Kwetu Matulo, binti akiolewa, ng'ombe wanaoletwa na wakwe huwa hawaliwi ovyo. Hao ndio ng'ombe wa kumwozea kaka yake. Dada yangu alikuwa amenitangulia kwa miaka miwili, na mimi ndiye niliyemfuata, kwa hiyo mahari yake ilikuwa ya kuniozea mimi. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameolewa upande wa Kibabii kwa ng'ombe kumi na wawili. Mmoja alichinjwa siku ya harusi. Kumi na mmoja walikuwa wanakula majani kwa baba, wakiningoja mimi nilete mchumba. Mchumba sikuwa naye. Nilikuwa na nyumba ya kununua.

Nilikwenda nyumbani, na baba alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hizi ng'ombe si zangu," akasema mwishoni. "Ni zako za kuoa. Ukitaka kuoa nyumba, oa. Ila nyumba haitakupikia."

"Itazirudisha, baba. Vyumba vitano nitapangisha, kimoja nitakaa mwenyewe. Mwaka mmoja na nusu, kodi itanunua ng'ombe wengine kumi na mmoja. Hapo nitakuwa na nyumba, na ng'ombe wa kuoa bado wapo."

Baba akatikisa kichwa akitabasamu. Nadhani alijivuna kidogo kuwa na mtoto anayejua hesabu za namna hiyo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Umemwuliza dada yako?" akasema.

"Nimwulize nini, mama? Ng'ombe walishalipwa."

"Mwulize."

Nilipanda baiskeli nikaenda Kibabii nikinung'unika njia nzima. Niliona ni mambo ya akina mama, ya kurefusha safari ya mtu.

Niseme kidogo kuhusu dada yangu, maana hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Tulipokuwa wadogo, karo ilitosha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akawa mimi. Yeye hakulalamika. Kila asubuhi alinisindikiza akiwa ameninginiza viatu vyangu shingoni mwake, ili matope yasivichafue, mpaka tukaribie shule. Hapo ananifuta miguu kwa majani, ananivisha, kisha anarudi kulima. Na alikuwa anapiga mbinja. Wasichana walikatazwa, waliambiwa ni kuita nyoka, lakini yeye alipiga, na alipiga vizuri kuliko wavulana wote wa mtaa wetu. Nikiwa darasani nilimsikia akienda zake, mbinja inapungua, inapungua, mpaka mwalimu ananiuliza natazama nini dirishani. Bado naitamani sauti ile. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika nimeisikia, na siku nzima inayofuata ninakuwa mtu mgumu kuzungumza naye.

Nilimkuta anapepeta wimbi nyuma ya nyumba, mtoto wake wa kike akiwa mgongoni. Mume alikuwa amekwenda sokoni Bungoma. Alifurahi kuniona, akaniwekea kigoda, akataka kukimbiza kuku, nikamwambia sina muda. Nikamweleza yote: vyumba sita, plasta, msikiti, Idd.

"Ni nyumba nzuri?" akauliza.

"Nzuri sana, dada."

"Na ng'ombe zitarudi lini?"

"Mwaka mmoja na nusu."

Akapepeta kidogo. "Mwaka mmoja na nusu kamili? Haziwezi kurudi mapema?"

Nikamweleza habari ya kodi, chumba shilingi kumi na tano, vyumba vitano, kwa mwezi, kwa mwaka. Akasikiliza kama anayesikiliza mtu wa mbali. Nilipomaliza akauliza tena, "Kwa hiyo kabla ya hapo, baba hatakuwa na ng'ombe nyumbani?"

"Wa kwake mwenyewe watakuwepo, mmoja au wawili. Dada, umekuwa bahili wa ng'ombe kumshinda hata baba!"

Nilitania, na alicheka kidogo. Kisha akasema, "Nunua nyumba yako. Ila fanya haraka kuzirudisha."

Mgeni kwetu husindikizwa mpaka njiani. Yeye alinisindikiza mpaka njiani, akaendelea mpaka kijito, tukavuka, akaendelea mpaka karibu na barabara kubwa, mimi nikiikokota baiskeli kando yake. Mara mbili alifungua mdomo kama mwenye neno, na mara mbili akamrekebisha mtoto mgongoni. Mwishowe nikamwambia, "Rudi sasa, shemeji atakasirika akikukosa."

"Ndiyo," akasema. "Atakasirika."

Nikapanda baiskeli. Hakupiga mbinja siku ile, tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Hilo nimelikumbuka baadaye, kama nilivyoyakumbuka mengine yote.

Mtu wa kwetu anayesoma haya ameshaelewa, na pengine ananitukana. Mwanamke aliyeolewa akiuliza ng'ombe wake wako wapi, haulizi habari ya mali. Akitaka kuondoka kwa mume, wakwe watadai mahari yao, na bila mahari kurudishwa, baba yake hawezi kumpokea. Yeye bado ni mke wa watu. Ng'ombe wale walikuwa mlango wake wa kurudia nyumbani. Alikuwa ananiuliza mlango utafungwa kwa muda gani, na mimi, niliyesomeshwa kwa jasho lake, nikamwita bahili.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba amekubali.

"Aliuliza nini?"

"Ng'ombe zitarudi lini. Basi."

Mama akaacha chungu jikoni, akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikaungua. Mama alielewa. Mimi sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa na nyumba ya kununua na sikutaka kusikia neno la kunizuia. Kama yeye alimwambia baba, sijui. Baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishatoa kauli.

Tuliwauza ng'ombe mnadani Bungoma kwa siku mbili za soko. Pesa zikapungua kidogo, nikauza na baiskeli. Wiki moja kabla ya Idd, mimi na mzee tulisimama mbele ya karani wa lokesheni, mzee akaweka dole gumba, mimi nikatia sahihi yenye mikia mingi, muhuri ukagongwa. Siku ya Idd mzee alituma sahani ya pilau kila chumba, na baada ya siku tatu akaondoka na masanduku mawili. Aliniombea dua mlangoni, akalia. Nami nililia, kwa furaha, sifichi.

Ile miezi ya kwanza! Nilikuwa narudi kutoka kazini naipitia nyumba na kusonga mbele, kisha nageuka nirudi, ili nipate kuiona inavyoonekana na mtu anayefika. Nilipaka mlango wangu rangi ya kijani. Yule mwalimu jirani na wenzake waliniita mwenye nyumba, na niliitika. Kodi niliifungia kwenye kopo la chai, na kila mwisho wa mwezi nilijiambia, ng'ombe nusu, ng'ombe mmoja, ng'ombe mmoja na robo. Nilikuwa nimefikia wanne hivi aliponijia utingo wa lori la mahindi na ujumbe wa mama: njoo nyumbani leo, usingoje kesho.

Niliwakuta uani. Wakwe walikuwa watatu, wamekaa upande wa ghala. Baba alikuwa anatazama chini. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mama, mtoto mapajani, na jicho lake moja lilikuwa limevimba likafumba. Alikuwa amefika usiku uliopita, kwa miguu, kutoka Kibabii mpaka Matulo.

Mzee wao hakuwa na ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. "Sisi hatuna maneno mengi. Kama binti hataki kukaa, si mturudishie ng'ombe zetu, mambo yaishe? Na kama ng'ombe hakuna, ati tufanye nini? Tutaenda na bibi yetu."

Baba akaniangalia. Wote wakaniangalia.

"Ng'ombe ziko Kitale," nikasema.

"Kitale kwa nani?"

"Zimekuwa nyumba."

Mzee akafikiri. "Na hiyo nyumba," akauliza, "inaweza kutembea mpaka Kibabii?"

Hakuna aliyecheka. Nikaomba muda. Nikasema nitaiuza, nitaleta ng'ombe zote, wanipe mwezi mmoja. Wakakubali mwezi, lakini mwanamke hangengoja kwetu. Angengoja kwa mume. Mama akainuka akaingia ndani, tukamsikia akilia.

Dada yangu alifunga mtoto mgongoni. Alipopita karibu nami alisimama. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Usiuze kwa hasara. Najua ulivyoitamani." Kisha akawafuata wale wazee njiani, naye akiwa wa mwisho.

Sasa nifike mahali ambapo sijawahi kumfikisha mtu. Nilirudi Kitale, na siku ya nne nikapata mnunuzi. Alinipa elfu moja na mia tano, taslimu. Pamoja na kopo langu, zingetosha ng'ombe wote na chenji kubaki. Lakini nilikuwa nimeinunua elfu mbili. Nikajiambia mavuno yamekaribia, watu watakuwa na pesa, atatokea wa elfu mbili. Na mwezi bado haujaisha. Na dada mwenyewe si alisema nisiuze kwa hasara? Nililishika neno lake kama mtu anayeshika risiti. Nikangoja wiki tatu.

Katika wiki ya tatu dada yangu alimwacha mtoto kwa mama mkwe, akachukua kapu la mayai kama anayekwenda sokoni Bungoma. Mtu mmoja wa kwetu alimwona stesheni, amekaa na kapu tupu. Treni iliyokuja ilikuwa inakwenda Uganda.

Nilimtafuta Tororo, nikamtafuta Mbale mara nne, Jinja mara moja. Nilisimama sokoni nikiwaeleza wauza ndizi mwanamke wa urefu huu, mweusi, anayepiga mbinja. Walinisikiliza kwa huruma. Wengine walinionyesha wanawake ambao hawakuwa yeye, na kila mara, kabla mwanamke hajageuka, nilikuwa mtu mwenye furaha kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mwanamke ambaye kwao hapokeleki, na kwa mume hakukaliki, huenda mahali ambapo hakuna anayemjua, na akishafika hujitahidi asijulikane. Nilijua hivyo. Nilienda hata hivyo.

Nyumba sikuiuza. Niliiacha inilipie deni langu, kwa sababu haikuwa na faida nyingine tena. Sikuoa miaka hiyo, sikununua hata shati. Ilichukua miaka mitatu na ushee, maana bei ya ng'ombe ilipanda, na nilitaka ng'ombe wazuri, wasio na dosari ya kutiliwa shaka. Nilinunua kumi, maana wawili waliachwa kwa ajili ya mtoto, kama desturi ilivyo. Nikawaswaga mwenyewe kwa miguu kutoka Bungoma mpaka Kibabii, karani mzima na fimbo yangu, baba akinifuata nyuma akihema.

Mzee wao alikuwa bado hai. Aliwakagua mmoja mmoja, akawapapasa migongo, akaridhika. Watu wa boma wakakusanyika. Akasema mbele ya wote kwamba mahari imerudi, kwamba hawana dai lolote, na kwamba kuanzia siku hiyo binti yetu ni wa kwetu, anaweza kurudi nyumbani kwa baba yake saa yoyote, na hakuna mtu atakayemfuata. Baba akavua kofia. Tukapewa maji ya kunywa.

Tulipokuwa tunaaga, mtoto wa kike wa miaka sita hivi alitoka katikati ya wanawake akanijia. Nilimjua kwa paji la uso. Aliniita khocha, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mjomba, na alikuwa amesikiliza maneno yote kwa makini kuliko watu wazima.

"Khocha," akauliza, "mama ameshaambiwa?"

Nilipiga goti ili nimjibu, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa neno moja tu. Nikamwambia, bado. Yeye sasa ni mwanamke mzima, ana watoto wake, na kila tunapoonana ananiuliza kwa macho, nami nasema neno lile lile.